Mwano wa Upepo

Ng'ombe wote wa mahari walishuka kwenye lori la Fuso wakiwa wazima, ila mmoja, mtamba mwekundu, alishuka na chongo. Chongo hilo ndilo lililowashikilia wazee chini ya turubai tangu mchana, na hadi jua linaanza kuinama hakuna aliyekuwa amekubali wala kukataa.

Klementina hakuwa na neno na mtamba. Neno lake lilikuwa na turubai. Lilikuwa lake mwenyewe, kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo stoo, lenye mabomba ya chuma yanayohitaji wanaume sita kuyasimamisha. Alikuwa akilikodisha kwa misiba na harusi kuanzia Bariadi mjini hadi Lagangabilili, na leo alilitandaza bure kwa sababu anayeolewa alikuwa binti yake, Milembe. Mtu anayeishi kwa kukodisha maturubai hulitazama turubai kama mfugaji anavyomtazama fahali wa jirani: anapendeza akitulia, lakini si wa kugeuziwa mgongo.

Simu ilikuwa kwenye pindo la kitenge. Alikuwa ameitoa na kuirudisha mara nyingi hata wapishi wakaacha kumuuliza anatafuta nini.

Akaitoa tena.

"Mama Rada," aliita shemeji yake Masalu kutoka chini ya turubai, kwa sauti ya kusikiwa na wageni. Masalu alikuwa kaka mkubwa wa mume wake na ndiye msemaji wa upande wa bibi harusi. "Upepo unasemaje leo? Tushike kofia?"

Wazee wakacheka. Hata wageni waliotoka Lalago, upande wa bwana harusi, ambao hawakujua asili ya jina hilo, walicheka kwa adabu.

Asili yake ilikuwa siku ya mavuno kanisani, majuma mawili nyuma. Klementina alifungua simu katikati ya ibada, akaona zambarau imefunika Bariadi yote kwenye ramani ya upepo, akaamuru turubai lishushwe. Waumini walimaliza ibada juani na watoto wachanga mikononi, na upepo wenyewe haukuweza kuzima njiti ya kiberiti. Jioni Milembe ndiye aliyechukua ile simu na kuona kosa. Pembeni mwa ramani kuna kipimo cha kimo, na mama yake alikuwa amekiacha kwenye mita elfu tatu. "Mama," alimwambia, "huu ni upepo wa ndege, siyo wa maturubai." Kosa lilirekebishwa siku ileile. Jina likabaki.

Sasa Klementina alianza na kimo. Ardhini. Akaondoa kidole, akakagua tena. Ardhini. Kisha akaiacha ramani ya upepo na kufungua rada, kwa sababu ramani ya upepo inakisia mambo yajayo, lakini rada haikisii. Rada inaonyesha maji yaliyoko angani sasa hivi: kijani kwa manyunyu, njano kwa mvua ya kueleweka, nyekundu kwa ile ya kukimbia, na zambarau pale penye mawe ya barafu.

Mchana alikuwa ameona mabaka mawili mekundu ziwani, kila moja na njia yake. Baadaye yakaungana kuwa mstari. Sasa mstari ulikuwa umeshavuka ufuko na kupinda, na hapo ndipo alipoisogeza simu machoni. Kwenye semina ya wajasiriamali, mtaalamu mmoja wa hali ya hewa aliwaambia kitu ambacho wenzake wengi walikisahau kabla ya chai: mvua iliyonyooka inanyesha tu, lakini mvua iliyopinda kama upinde ina upepo unaoisukuma kutoka nyuma, na palipo na tumbo la upinde ndipo mabati yanapong'oka. Tumbo la upinde huu lilikuwa juu ya Nassa. Lilikuwa linatazama Bariadi.

Akainua macho. Mashariki, ambako watu wa huku huitazamia mvua, mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Magharibi hakukuonekana kitu, kwa kuwa nyuma ya nyumba kulikuwa na kilima cha mawe makubwa yaliyobebana, na kilima hicho kilificha nusu ya anga. Hewa ilikuwa imesimama. Majani ya mhogo hayakutikisika.

Akampigia Elizabeth, mwenzake wa biashara aliyekuwa Nassa.

"Liza, huko kukoje?"

Alichosikia kwanza ni kama mtu anayemimina kokoto kwenye ndoo.

"Usinipigie simu nikiwa chini ya meza," alisema Elizabeth. "Bati za jirani zimepita hapa kama kuku. Turubai langu sijui liko kijiji gani."

"Mvua au upepo?"

"Upepo kwanza. Vumbi, upepo, halafu ndiyo hii barafu. Wewe si una harusi leo?"

"Ninayo."

"Basi shusha hilo dude lako, Klementina. Usibishane na mtu. Shu..."

Simu ikakatika. Mtandao ulikuwa umekufa kabisa, na picha ya rada ikabaki pale ilipokuwa, upinde ukiwa umesimama katikati ya njia. Klementina alijua kuwa kwenye kioo umesimama, lakini huko nje hausimami.

Akamfuata Januarius, fundi wake wa maturubai, aliyekuwa ameegemea bomba la kona akila muwa.

"Tukilishusha sasa, linachukua muda gani?"

Januarius aliwatazama wazee waliojaa chini yake. "Wakiondoka, muda wa kunywa uji. Wasipoondoka, hatuwezi. Mabomba yatawaangukia."

"Fungua mapazia ya pembeni yote. Upepo upite."

"Upepo upi, mama?"

"Fungua."

Hapo ndipo palipokuwa na fundo, na Klementina alilijua vizuri kuliko mtu yeyote. Wakwe waliokuja na ng'ombe hawainuki mpaka ng'ombe wamekubaliwa na kuingia zizini. Wakiinuka kabla, maana yake wamekataa, wanapakia mali yao kwenye Fuso na kurudi. Na upande wa binti ukiwainua, maana yake umewafukuza. Mama wa binti hana kauli kwenye kikao hicho, na baba wa binti hukaa pembeni kimya kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi. Akiwaokoa watu na turubai, angeweza kuivunja ndoa ya mwanawe. Akiinyamazia ndoa, turubai lingewaua watu.

Alijaribu kwanza njia iliyonyooka. Alimwinamia mume wake, Salvatory, sikioni.

"Baba Milembe, dhoruba imeshapiga Nassa. Inakuja hapa. Waambie wahamie ghala la pamba."

Salvatory aliangalia mashariki. Mtu wa watu, mpole, aliyezoea kukubaliana na aliyezungumza mwisho. "Una hakika ni ya chini hii? Siyo ile ya ndege?"

"Elizabeth yuko chini ya meza."

Salvatory akamnong'oneza kaka yake. Masalu akasikiliza, kisha akasimama na kutabasamu, na Klementina akajua ameshaharibu.

"Wakwe zetu," alisema Masalu, "ndani ya simu ya shemeji yangu kuna mvua. Mnaombwa mhamie ghalani."

Safari hii upande wa Lalago haukucheka. Msemaji wao, mzee Kasmiri, mwembamba mwenye fimbo fupi, alijipangusa mdomo taratibu.

"Tumetoka Lalago na ng'ombe wanaoonekana," alisema. "Hatujaambiwa wameingia. Sasa tunaambiwa tuhame. Sisi huko kwetu mgeni akiambiwa ahame anaelewa."

"Hakuna aliyewafukuza, baba," alisema Salvatory, ambaye hakupaswa kusema.

"Basi turudi kwenye mtamba."

"Turudi," alisema Masalu. "Jicho moja hilo litaionaje nyumba yetu?"

"Halitazami nyumba. Linatazama majani, na majani linayaona. Ninyi mnataka ng'ombe wa maziwa au mlinzi wa geti?"

Kicheko kikarudi. Klementina hakukisubiri kiishe. Alikwenda jikoni, ambako kauli ilikuwa yake.

"Masufuria yote ghalani," alisema. "Wali, nyama, ndizi. Sasa hivi."

"Mama, moto bado..."

"Uacheni moto. Mwageni maji juu yake. Watoto wote wabebe sahani."

Ghala la pamba la chama cha msingi cha wakulima lilikuwa ng'ambo ya uwanja, jengo la zamani la matofali mapana lenye mkanda wa zege juu ya kuta na bati lililokazwa, na kwa kuwa msimu wa pamba ulikuwa umekwisha lilikuwa tupu. Ufunguo alikuwa nao, maana alikuwa amekodi kona moja humo ya kuwekea viti. Wapishi walibeba, na watoto wakafuata chakula bila kuulizwa, na akina mama wakawafuata watoto. Hakuna mzee aliyegeuka. Sufuria zikihama, wanaume hudhani ni mambo ya wanawake.

Kisha akaingia chumba cha nyuma, chenye bati lililofungwa kwa waya na matumaini. Milembe alikuwa kwenye mkeka na wifi zake wawili, amepakwa mafuta, amefunikwa kanga.

"Simama. Tunakwenda ghalani."

Wifi waliguna. Bibi harusi haonekani na wakwe kabla ng'ombe hawajaingia. Milembe hakuguna. "Umeangalia kimo?" aliuliza.

"Mara mbili. Na Liza amepigwa."

Milembe akasimama. "Wakiniona?"

"Wataona mtu amebeba sufuria." Akamtwika sufuria la mchuzi, akamshushia kitenge hadi kwenye nyusi. Milembe alivuka uwanja mbele ya ukoo mzima wa mume wake mtarajiwa, mzee Kasmiri akamsalimu kwa Kisukuma kama mama yeyote wa jikoni, "Mwadila, mayu, msitunyime mchuzi," naye akaitikia kwa kuinamisha kichwa tu, maana sufuria lilikuwa la moto.

Klementina aliusukuma mlango wa ghala ukabaki wazi kabisa, akajaribu simu. Upinde ulikuwa palepale. Akaizima, akaiwasha. Palepale. Kutoka hapa, mbali kidogo na kilima, aliweza kuona ukingo wa magharibi, na ukingo huo ulikuwa na rangi ya chungu kilichopikiwa miaka. Chini yake kulikuwa na kitu cha kahawia kikitambaa. Kunguru walipita juu, wote upande mmoja, bila kelele.

Chini ya turubai wazee walikuwa wamehamia kwenye kubishania meno ya mtamba.

Alifikiri kuwatuma vijana wawavute. Wangeitwa wakorofi, na ndoa ingekwisha. Alifikiri kupiga kelele za moto. Wangetazama, wakakosa moshi, wakakaa. Kulikuwa na kitu kimoja tu Usukumani kote kinachoweza kuwainua wanaume wa pande mbili kutoka kwenye mazungumzo ya ng'ombe bila yeyote kuhesabiwa kuwa amekataa au amefukuza. Kilikuwa na bei yake, na bei aliijua.

Akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwano.

Mwano ni yowe la Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, refu halafu la kukatikakatika, la kuwaita watu wakawafukuze wezi wa ng'ombe. Ukilisikia unaacha unachofanya, hata kama ni kula, hata kama ni kulia, unashika chochote na kukimbilia linakotoka. Asiyekimbia anatozwa faini. Anayelipiga bure anatozwa zaidi. Klementina alilipiga kama alivyofanya kila kitu, bila kulipamba, akalirudia hadi koo likauma.

Viti vya plastiki vikaanguka. Wa kwanza kutoka alikuwa Shija, kamanda wa Sungusungu wa kijiji, mtu mnene aliyekuwa amekaa na jamaa za Salvatory, na alikimbia kwa kasi isiyomstahili. Masalu alifuata akiwa na kiatu mguu mmoja tu. Vijana wa Lalago waliokuwa wakiwachunga ng'ombe mbele ya zizi wakawaacha, wakaja na fimbo zao. Na mzee Kasmiri, ambaye hakuna aliyemtazamia, alikuja pia akiwa ameinua kanzu magotini.

"Mwano hauulizi mgeni," alisema akihema.

Hata Januarius alikuja na muwa wake. Shija alimfikia Klementina.

"Mwizi yuko wapi?"

Klementina akanyoosha mkono. Kile kitu cha kahawia kilikuwa kimefika nyuma ya kilima, na sasa kilikuwa kinamwagika juu ya mawe kama maziwa yanayofurika chunguni.

"Huyo."

Shija alitazama. Wote walitazama. "Hilo ni vumbi, Mama Milembe."

"Ingieni ndani."

"Umetupigia mwano kwa ajili ya vumbi?"

"Nitozeni baadaye. Ingieni."

Huenda wangebishana. Lakini upepo uliwasukuma wa mbele kifuani kwa mkupuo mmoja, nao wakaingia kinyumenyume, wakiwakanyaga wa nyuma. Klementina alishikilia ubao wa mlango kwa mikono miwili. Aliona mapazia yaliyofunguliwa yakinyooka kama mikono. Aliona paa la turubai likivimba, likishuka, likivimba tena, na kwa muda mfupi alifikiri kuwa kwa sababu pembeni kulikuwa wazi huenda lingesimama. Halikusimama. Liliinuka lote, na mabomba yake, na kamba zake, na vigingi vikining'inia kama kucha, likageuka hewani na kushuka kifudifudi juu ya viti walivyokuwa wamekaa wazee. Mlio wa chuma ulifika ghalani ukiwa umechelewa kidogo.

Kisha barafu ikaanza kupiga bati, na hata kama mtu angesema neno hangesikika.

Walikaa humo wote, wakwe na wakwe, bega kwa bega katikati ya masufuria. Gizani, mtu alimwomba msichana mwenye kitenge usoni ampe mchuzi, akapewa. Klementina hakukaa. Alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye viti na kurudi, akigusa vichwa vya watoto, akiwataja majina, akaanza upya. Salvatory alimshika mkono alipopita. Alimwacha aushike kidogo, kisha akauvuta, akaendelea.

Dhoruba ilipita kama ilivyokuja, kwa haraka ya mtu mwenye kazi kwingine. Waliotoka nje walikuta barafu imelala uwanjani kama mahindi yaliyomwagika. Chumba cha nyuma hakikuwa na bati. Turubai lilikuwa limepasuka katikati, na bomba moja lilikuwa limeingia kwenye kiti cha mzee Kasmiri na kutokea chini, likasimama. Mzee alikwenda kukitazama kiti hicho. Alikizunguka. Alikigusa kwa fimbo.

"Ng'ombe," alisema mtu.

Mbele ya zizi hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Vijana wa Lalago wakashika vichwa, wakaanza kuangalia nyayo, na nyayo hazikwenda mbali. Ng'ombe huipa dhoruba mgongo na kwenda inakowasukuma. Dhoruba hii ilitoka magharibi, na lango la zizi la Salvatory lilikuwa linatazama magharibi, likiwa wazi tangu asubuhi kuwasubiri. Wote walikuwa ndani, wamelowa, wamesongamana kwenye ukuta wa mbali. Katikati yao alisimama mtamba mwekundu, akicheua, jicho lake zima likiwatazama wazee kana kwamba wao ndio waliochelewa.

Kasmiri na Masalu walisimama langoni bega kwa bega.

"Ng'ombe wa mahari akishaingia zizini," alisema Kasmiri polepole, "hatolewi."

"Hakuingizwa," alisema Masalu. "Ameingia mwenyewe."

"Kumbe ameiona nyumba."

Masalu alitazama mguu wake usio na kiatu. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kilichomfanya ashike nguzo, na Kasmiri akampiga mgongoni kwa ile fimbo fupi. Kule ghalani wifi waliosikia habari walipiga vigelegele, na Milembe akaruhusiwa kuonekana. Alitoka na doa la mchuzi begani. Mzee Kasmiri alilitazama doa hilo.

"Mwadila, mayu," alisema. "Mchuzi ulikuwa mzuri."

Sungusungu walikaa kikao palepale, kwenye viti vilivyopona. Shija aliongea bila kumtazama Klementina usoni.

"Mwano ni wa mwizi, wa moto, wa mnyama mkali. Wa upepo hatuna."

"Najua," alisema Klementina.

"Tukiuachia huu, kesho mtu atatupigia mwano kwa sababu ya mbu."

"Sijakataa. Mbuzi?"

"Mbuzi."

"Mchukueni yule beberu mweusi. Barafu imeshamvunja pembe, na ana kelele."

Vijana walimkamata beberu, na kwa kuwa moto wa jikoni ulikuwa umemwagiwa maji, iliwabidi wawashe mwingine. Januarius alikuwa akikunja kilichobaki cha turubai, akitenga mabomba yaliyonyooka na yaliyopinda, na rundo la yaliyopinda ndilo lililokuwa likikua. Klementina alitazama rundo hilo mara moja tu. Jumamosi alikuwa na msiba wa watu Lagangabilili na turubai la kupeleka hakuwa nalo.

Mtandao ulirudi watu wakiwa wanakula. Simu ikatetemeka kwenye pindo, ikaleta ujumbe wa Elizabeth: yuko mzima, meza imepona, turubai limeonekana kwenye mpunga wa mtu. Klementina akamjibu kwa neno moja, kisha akafungua rada. Upinde ulikuwa umeshapita Bariadi, umelegea, kijani kitupu kikielekea mashariki. Akaanza kupumua. Halafu akasogeza ramani magharibi, ziwani, na huko kulikuwa na baka jingine, dogo, jekundu katikati.

Akashusha kimo hadi ardhini, ingawa kilikuwa ardhini tayari.

Shija alikuwa amebeba sahani yake ya nyama ya beberu. Nafasi za kukaa zilikuwa nyingi. Alivuta kiti, akakiweka karibu na cha Klementina, upande ule ambao mtu akikaa anaweza kuona kioo cha simu, akaanza kutafuna.

"Linakuja huku?" aliuliza.

"Sijui bado," alisema Klementina. "Kula haraka."